Shati la Mfungwa Lisilo na Mfuko

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha maleba cha ukumbi wetu wa opera, Bibi Subana atastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo tulimpa sisi, kwa kuwa subana yake ya kushonea haimtoki kidoleni hata anapokunywa chai.

Aliajiriwa kushona vifungo. Miaka sita baadaye alikuwa akisimamia cherehani zote saba, na waimbaji walimwogopa kuliko mwongozaji. Aliyenenepa katikati ya msimu aliambiwa wazi kwamba kitambaa hakina kosa. Mumewe, anayemngoja kila jioni kwenye mlango wa nyuma, huvaa mashati aliyoshonewa naye, yenye mifuko minne mbele na mwingine mkononi. Tulimtania kuwa ni duka linalotembea, naye akacheka tu.

Tutamkumbuka zaidi kwa opera mpya ya mwaka juzi. Binti wa jaji anapendana kwa siri na mpiga chapa wa maandishi yaliyopigwa marufuku. Jaji anagundua, kijana anafungwa. Gerezani anapokea barua ya mpenzi wake na kuitia mfukoni. Siku moja kabla ya onyesho la kwanza, mwimbaji aliyeigiza kijana huyo alipapasa kifua akakuta mfuko umefumuliwa. Mwongozaji alikuja juu: mchoro ulionyesha mfuko, na barua ikikosa pa kuwekwa, mazoezi ya miezi mitatu yamekwenda bure.

Bibi Subana aliendelea kutunga uzi.

"Mwanangu, shati la mfungwa halina mfuko," alisema. "Mume wangu alilivaa miaka mitatu, kwa ajili ya karatasi aliyoiandika. Barua zangu alizificha hapa."

Akageuza ukosi. Kwenye mshono alikuwa ameacha uwazi wa upana wa kidole.

Miaka yote hiyo hakuna miongoni mwetu aliyejua. Mwongozaji aliketi juu ya robota la vitambaa, akaomba radhi, kisha akamwomba Bibi Subana amfundishe mwimbaji namna ya kukunja barua. Alasiri iliyofuata, barua ilipokunjwa mara sita na kuchomekwa ukosini, hakuna aliyekohoa ukumbini mpaka pazia lilipofungwa.

Bibi Subana, tunakushukuru kwa mishono yako, na kwa kutukatalia tulipokosea. Nenda ukapumzike na mzee wako. Tunawaombea afya na siku nyingi pamoja. Utakapomshonea shati jingine, mwongezee mfuko mmoja kwa niaba yetu.