Maji Niliyonyweshwa na Jirani

Mwakeye! Nawasalimu, ndugu zangu wa Heru Juu, nanyi wageni wetu mliotoka Kibondo. Nimesimama hapa kanisani kwa mguu mmoja na nusu, lakini nimesimama. Hata hiyo nusu iitikieni amina!

Ilikuwa mwaka ule wakimbizi wa Burundi walipofurika huku kwetu. Jirani yangu alipika pombe ya ndizi, akaniita. Tulizunguka chungu, kila mtu na mrija wake. Desturi mnaijua: mwenyeji huonja kwanza, wageni waone haina sumu. Siku hiyo alikuwa bado anasalimia watu, nami kwa kiu yangu nikamtangulia. Mara mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukafa, nikaanguka.

"Kalishwa sumu!" kaka yangu akapiga kelele.

Nawaambia, nilisikia kila neno. Nilijua si sumu, maana tangu asubuhi kichwa kilinigonga na vidole vilikuwa na ganzi. Lakini ulimi haukuinuka. Walinimiminia mawese nitapike, nikapaliwa nusura nife. Wakanipeleka nyumbani kwangu, wakanilaza ndani. Nje nikasikia panga linanolewa.

"Jua halizami leo kabla hatujamchoma na nyumba yake," kaka akasema.

Ndugu zangu, heri mfungwa wa gerezani, yeye hupiga kelele. Mimi nilikuwa nimefungiwa ndani ya mwili wangu, jirani yangu, rafiki yangu, anakwenda kuuawa kwa ajili yangu, na sauti sina. Nililia tu.

Jirani akaja mwenyewe na kibuyu cha maji, mkewe akimvuta shati arudi. "Niacheni nimnyweshe mgonjwa," akasema. "Kisha mnifanye mnavyotaka."

Kaka akainua panga. Hapo mkono wangu wa kushoto, Mungu ndiye ajuaye ulivyopata nguvu, ukakishika kibuyu, nikanywa mbele ya wote. Mengi yalimwagika kifuani. Kaka akashusha panga, akakaa chini.

Wakanibeba kwa machela hadi hospitali. Daktari akasema ni kiharusi: presha iko juu na mafuta yameziba mishipa. Tangu hapo nameza vidonge kila siku, vya presha na vya kupunguza mafuta kwenye damu. Hivi vya pili huagizwa Dar es Salaam, na vikichelewa naogopa sana.

Namshukuru mke wangu aliyenifundisha kusema upya. Namshukuru jirani aliyeingia penye panga. Mtu akianguka, mpelekeni akapimwe kabla hamjatafuta aliyemlisha sumu.

Nawe kaka, hapo nyuma, jana uliniambia jicho moja linaona giza; hiyo nayo yaweza kuwa dalili ya kiharusi. Usiinamishe kichwa. Inuka, twende hospitali sasa hivi. Jirani yetu yuko mlangoni, anakungoja akushike mkono.