Tairi Lililolika Upande wa Kushoto

Wasikilizaji wapendwa, epueni sufuria inayopiga kelele na nyamazisheni watoto, kama wananyamazika. Dakika hizi chache ni za marehemu Shomari bin Mwinjuma, tarishi wa pikipiki, aliyezikwa Jumanne iliyopita hapa Kisarawe. Shomari, tarishi wa pikipiki. Wengi wenu hamkumjua kwa jina. Mlimjua kwa alivyoinama.

Tangu mwaka 1951 hadi mwaka huu wa 1957, alichukua barua za shamba moja la mkonge karibu na Tumbi, akazileta Kisarawe, akarudi na majibu. Kabla ya hapo alikuwa mkata mkonge katika shamba hilohilo, na mikono yake ilijaa makovu ya miiba. Siku alipokabidhiwa pikipiki alimwambia mkewe, Biasha, "Kwenye mkonge sirudi tena. Labda nibebwe."

Kisha likaja jambo la tairi. Tairi la mbele, wasikilizaji. La nyuma halikuwa na kosa lolote, na tunalitakia maisha marefu.

Tairi la mbele lililika upande mmoja, upande wa kushoto. Kulia meno yake yalikuwa mapya, unaweza kuyahesabu. Kushoto lilikuwa laini kama kipande cha sabuni. Pikipiki ikaanza tabia. Kwenye kona ya kulia iligoma mpaka uilazimishe. Kwenye kona ya kushoto ilijitupa yenyewe kabla hujaamua. Hata barabara ikinyooka, usukani ulivuta kushoto, na Shomari akashindana nao njia nzima. Siku moja ya masika ilijitupa hadi mtaroni. Barua kumi na moja zililowa. Shomari alizianika juu ya majani ya muhogo, akakaa kuzilinda mbuzi wasizile.

Msimamizi wake, Bwana Adamu, alilikagua lile tairi kwa kidole.

"Hili la tatu tangu vuli. Unalisugua na nini?"

"Na barabara, Bwana."

"Barabara haichagui upande. Nakupa la nne. Likiisha hivi kabla ya mwaka, panga lako la mkonge bado lipo stoo."

Shomari alipima kwa kamba uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu. Ulikuwa umenyooka. Alipima upepo wa tairi. Ulitosha. Akasomewa hata dua. Tairi jipya nalo likaanza kulika kidogo, upande wa kushoto.

Aliyeona kosa ni Biasha. Alikuwa anarudi kutoka shambani na jembe begani, mumewe akampita, naye akamtazama kwa nyuma. Jioni akamuuliza, "Baba Saburi, mbona unaendesha umeinama kushoto kama mtu anayesikiliza mambo ya jirani?"

"Mimi? Mimi nimenyooka."

"Umeinama. Na vikapu vyote umevitundika kulia."

Hapo ndipo penyewe. Shomari alipita vijiji vingi, na kila kijiji kilikuwa na mtu wa kumwambia, "Mwanangu, nifikishie." Walimpa chakula kwa mkono wa kulia. Alipokea kwa mkono wa kulia. Akakitundika kulia. Chakula cha watu kikae kushoto? Shomari alilelewa vizuri mno kwa jambo kama hilo. Basi kulia kukawa na muhogo, nazi na kuku wawili. Kushoto kukawa na mkoba wa barua. Ili asianguke kulia, aliilaza pikipiki kushoto, kwenda na kurudi, siku sita za wiki. Tairi likalipia adabu yake.

Dawa ilikuwa kugawa mzigo. Taabu ilikuwa kusema. Vikapu vizito kuliko vyote vilitoka kwa mama mkwe wake, Bi Mwanne, na hakuna mkwe wa kumwambia mama mkwe kwamba muhogo wake utakaa kushoto. Akatumwa Biasha.

"Mama alichambua mchele kwanza," Biasha alitusimulia. "Wote uliokuwa kwenye ungo. Kisha akasema, 'Kumbe ni mzigo? Sisi tulidhani anainama kwa heshima! Kijiji kizima tunamsifu.' Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Mwambie changu kibaki kulia. Cha Siwema kiende kushoto. Atazoea.'"

Bi Siwema ni jirani wa Bi Mwanne. Hakuambiwa. Anaambiwa leo, na tunamwomba radhi.

Tairi la nne lilidumu miezi kumi na sita, likaisha katikati, sawasawa. Bwana Adamu alilipitishia kidole. Panga lilibaki stoo. Shomari hakurudi kwenye mkonge. Homa ya mapafu ilimkuta akiwa na miaka arobaini na miwili, bado ni tarishi.

Siku ya mazishi, wabebaji warefu walijipanga kulia, wafupi kushoto. Jeneza likainama kushoto. Biasha aliliona akiwa barazani.

"Changanyikeni, jamani," alisema. "Huko kuinama kulimtesa sana."

Wakabadilishana. Jeneza likanyooka, wakaenda naye.

Tunampa pole Biasha, mwanawe Saburi, Bi Mwanne, na wote waliokuwa na vikapu njiani. Mungu amrehemu Shomari. Nawe uliyeegesha pikipiki hapo nje, nenda ukalitazame tairi la mbele, pande zote mbili. Kisha tazama umebeba nini, na nani amekutundikia.