Fundi Severin Anaondoka na Dishi Juu ya Paa

Leo, tarehe 30 Aprili 2025, Fundi Severin Kobero anavua ovaroli ya Milima Saba Coach baada ya kuivaa kwa miaka thelathini na mitatu. Aliajiriwa mwaka 1992 akiwa msaidizi, wakati gereji yetu ya Kihonda ilikuwa banda la mabati na shimo moja la kuingilia chini ya gari. Anaondoka akiwa mkuu wa kikosi cha dharura, yaani wale mafundi wanaolifuata basi popote lilipoharibikia. Wengi wenu mnaosoma programu hii ya sherehe ya kumuaga mnaijua zaidi miguu yake kuliko uso, kwa kuwa sehemu nyingine yote huwa iko uvunguni mwa basi.

Mimi ni mtunza stoo wake kwa miaka kumi na minane. Mkurugenzi wetu, Mzee Mansuri, alipoulizwa nani aandike wasifu huu alijibu, "Mpeni Hafidha, hatampamba." Ni kweli sitampamba. Fundi Severin ni mtu wa kuazima spana asubuhi na kuapa jioni kwamba hajawahi kuiona. Ni mbishi, hanywi chai ikipoa, na akikasirika huimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini mpaka aliyemkasirisha aondoke mwenyewe.

Lakini ubishi wake huo umetufaa. Mkesha wa Idi mmoja, basi letu la Songea lilisimama Mikumi likiwa limejaa watu wanaowahi kwao. Severin alifika, akakagua, akasema breki za nyuma hazishiki sawasawa na gari haliondoki. Abiria walimzunguka. Mmoja alimkunja shati, mwingine akamwita adui wa dini. Akaufungia ufunguo wa gari kwenye soksi yake, akaingia uvunguni na kuanza kazi huku wakimtukana. Waliondoka alfajiri, wakala sikukuu wakiwa wamechelewa lakini wazima. Aliporudi gereji hakutusimulia chochote. Tulisikia kwa dereva.

Kazi ya dharura haina saa, na hilo tumezoea kulisifu bila kufikiri linamwangukia nani. Kwenye sendofu ya binti yake wa pekee, Ester, simu iliita kabla keki haijakatwa. Basi limelala Ngerengere. Severin alivua koti la suti, akamkabidhi mkewe, akaondoka. Mama Ester, yaani dada Yustina, aliwapokea wakwe peke yake, akawalisha peke yake na kuwasindikiza peke yake. Baba wa binti alirudi viti vikiwa vinapakiwa kwenye kirikuu. Kesho yake hapa kazini tulimpigia makofi. Nyumbani kwake Mwembesongo hakuna aliyepiga makofi.

Sasa niseme la mwaka huu, kwa sababu ndilo lililotunyima raha gereji nzima, na wapo wanaokula pilau hapa leo bila kujua kwamba sherehe hii ilikaribia kuwa ya mtu mpweke.

Mwaka jana kampuni ilimzawadia Fundi Severin Coaster kuukuu iliyokuwa imelala nyuma ya karakana, ili apate muda wa kuitengeneza kabla ya kustaafu. Akaing'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi, sinki, tangi la maji, paneli ya sola na betri. Ikawa gari-nyumba hasa, ingawa vijana wa gereji waliibatiza Geto la Magurudumu. Nia yake ilikuwa moja. Alitaka kuzunguka na mkewe katika kila mahali alipowahi kupafahamu kwa kulala chini ya basi tu, safari hii wakiwa wawili na mchana kweupe.

Dada Yustina alikuwa na mwaliko mwingine. Ester anaishi Mbeya na mumewe na mtoto mchanga, nyumba ni kubwa, na alikuwa amemwomba mama yake ahamie huko moja kwa moja. Yustina alimjibu mumewe mbele yetu, siku alipokuja kuliona hilo gari, wala hakupandisha sauti.

"Baba Ester, mimi nina tamthilia yangu saa moja, na taarifa ya habari saa mbili. Miaka yote hii wewe uko barabarani, ile TV ndiyo iliyokuwa inaongea na mimi. Siwezi kuiacha nikakae porini nikutazame unavyotazama injini. Weka TV inayoshika popote tutakapolala. Ikigoma siku ya kwanza, mimi nakwenda kwa Ester."

Wanaume wa gereji walicheka. Severin hakucheka, na mimi nilimwona jinsi alivyobaki ameshika kitasa cha mlango muda mrefu baada ya mkewe kuondoka. Alikuwa ameelewa kwamba asipopata dishi la kufaa, ataanza kustaafu kwake kwa kula peke yake.

Hapo akakosea, na alikosea kwa haraka ya mtu mwenye hofu. Watalii wawili wa Ulaya walikuwa Dar es Salaam wakiuza vitu vya gari-nyumba lao kabla ya kupanda ndege, na kati ya vitu hivyo kulikuwa na antena ya juu ya paa, imefunikwa na kuba jeupe, inayojitafutia mawimbi yenyewe kwa kubonyeza kitufe. Walimwambia imewafaa sana. Hakuwauliza imewafaa wapi. Akarudi nayo Kihonda ameipakata, akapanda juu ya Coaster, akatoboa paa lililokuwa zima matundu manne ya boliti na moja la waya. Hakuna fundi anayependa kutoboa paa zima wakati wa masika. Nilimpa silikoni ya kuzibia kutoka stoo.

Alibonyeza kitufe. Ndani ya kuba kitu kikazunguka, kikaguna, kikasimama. Kwenye kioo cha TV pakaandikwa kwamba hakuna mawimbi. Akabonyeza tena. Alibonyeza siku tatu, akahamisha gari kutoka ukutani hadi katikati ya uwanja, akabadilisha waya, akaimba nyimbo zote za kwaya anazozijua. Siku ya nne fundi wetu wa umeme, Salehe, akaomba ruhusa ya kulifunua lile kuba. Tulitazama sote kidishi cha ndani kikijiinua, kikijiinua, kisha kikigota kwenye chuma na kushindwa kwenda zaidi.

Salehe alizungumza taratibu, kwa kuwa Severin ni mkubwa wake. "Mzee, hili limezoea kwao. Kule setilaiti zao unazitazama chini-chini, upande mmoja wa mbingu. Ya kwetu sisi iko karibu na utosi. Hili shingo yake haifiki."

Severin alikaa juu ya tairi. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Ester alishamwambia mama yake kwamba Jumapili ya tarehe 27 anataka jibu, akate tiketi ya basi. Nimemwona mtu huyu akitukanwa, akinyeshewa, akiungua mkono kwa mvuke wa rejeta, na sijawahi kumwona ameogopa kama siku ile.

Kuagiza antena inayoweza kutazama juu kabisa kulitaka muda ambao hatukuwa nao. Salehe alishauri dishi la kusimamisha chini kwa miguu mitatu, linalotolewa kila wanapofika. Severin akakataa, akasema kwenye matope ya milimani litalala kabla yao. Akachagua dishi la kawaida, lile lile lililo juu ya kila nyumba ya Mwembesongo, akalichomelea kitako chenye bawaba ili gari likitembea dishi lilale kifudifudi juu ya paa, na likisimama liinuliwe kwa mkono na kubanwa kwa nati. Alilifunga nyuma kabisa, kivuli chake kisiifikie paneli ya sola. Matundu ya kuba akayaziba kwa bati na silikoni, kisha akalala ndani na tochi huku Salehe akimwaga maji ya mpira juu ya paa. Halikuvuja tone. Pale gereji picha ilikuja, lakini Kihonda ni tambarare na Salehe alikuwa na kipimo chake cha mawimbi mkononi. Huko njiani hakuna Salehe.

Dada Yustina aliamua majaribio yafanyike Mgeta, kwao, Jumamosi iliyopita. Akataka na shahidi. "Aje Hafidha," alisema, "huyo hana upendeleo naye." Nikaenda. Nilipopanda gari nilikuta begi kubwa la nguo limefungwa kamba, nikamuuliza la nini. Akaniambia ni la Mbeya, amelifunga kabisa ili asije akasumbuka baadaye. Severin alikuwa kwenye usukani na alisikia. Tulipita Mlali tukaanza kupanda, tukaenda kuegesha kwenye uwanja wa shule, jirani na mashamba ya kabichi, ukungu ukiwa umeshashuka hadi kwenye migomba.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Severin alipanda ngazi ya nyuma, akainua dishi. Mimi niliwekwa mbele ya TV kusoma ile mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora. Yustina alikaa kitandani, miguu juu ya begi lake.

"Vipi?" sauti ilitoka juu.

"Bado."

"Sasa?"

"Nguvu ipo. Ubora hakuna kitu."

Tukaendelea hivyo. Manyunyu yakaanza. Tulimsikia akihama upande mmoja wa paa hadi mwingine, na mara moja tukasikia kiatu kikiteleza na mwili ukijipiga kwenye bati. Nilitamani nimdanganye kwamba imekuja, ashuke tu, lakini shahidi nilikuwa mimi. Nikamtazama Yustina. Alikuwa anatazama dari pale kishindo kilipotokea, midomo ameibana. Saa moja ilikaribia. Severin aliuliza tena "Sasa?" na sauti yake ilikuwa imekwisha nguvu. Nikajibu "bado" na nikajiona mkatili.

Yustina akainuka. Alivua kandambili, akajifunga khanga kiunoni vizuri, akatoka. Nilimsikia kwenye ngazi. "Shuka, baba Ester. Shuka kabla hujavunjika."

Severin alishuka bila kubisha, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani mwangu. Aliingia ndani amelowa, akanisogeza, akakaa yeye mbele ya TV. Kutoka juu tulisikia mkewe akilegeza nati, kisha, kama tulivyokuja kujua baadaye, akakizungusha kidogo kile kichwa kinachoshikiliwa mbele ya dishi, ambacho Severin hakuwa amekigusa hata mara moja.

"Sasa?"

"Bado," alisema Severin.

"Sasa?"

Mstari wa ubora ukapanda, ukasimama. Picha ikajaa kioo, na muziki wa tamthilia ukaanza. Severin alikuwa analia waziwazi.

"We Severini, imekuja au haijaja?"

"Imekuja," alisema. Kisha akasimama mlangoni, akasema kwa sauti kubwa zaidi, "Imekuja, mama Ester."

Aliposhuka, mumewe alimpa taulo na kumuuliza amejifunzia wapi. Yustina alijifuta uso kwanza.

"Ukutani kwetu. Upepo wa Uluguru ukishuka, dishi linageuka, na wewe haupo. Ester alishakwenda bweni. Nilikuwa napanda, nazungusha, nashuka kuja kutazama, hakuna kitu, napanda tena. Leo ndiyo mara ya kwanza niko juu halafu ndani kuna mtu wa kuniambia."

Hakusema kwa lawama, na nadhani ndiyo maana ilimwingia Severin vile. Alikaa chini kwenye ngazi ya mlango, akamshika mkono, na tamthilia ikaendelea peke yake ndani. Baadaye Yustina alimpigia Ester akamwambia asikate tiketi, watakuja Mbeya kwa gari lao, polepole. Akafungua begi, akaanza kupanga nguo zake kwenye kabati la Coaster.

Fundi Severin, kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote wa Milima Saba Coach, asante kwa mabasi uliyotufikishia nyumbani. Asante kwako pia, dada Yustina, kwa mume tuliyemchukua usiku mwingi mno bila kukuomba. Tunawatakia afya, barabara kavu na maisha marefu ya watu wawili. Simu ya dharura tumemkabidhi Salehe, kwa hiyo yako, Fundi, haitaita tena. Mama Ester akiwa juu ya paa akauliza "Sasa?", uwe ndani, umjibu.