Mzee Ukucha na Mbuzi Themanini na Saba

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Ukucha, alizaliwa tarehe 3 Juni 1944, mtoto wa nne kati ya saba wa baba mwashi na mama mshona nguo. Wasifu huu umeandikwa na binti yake, ambaye ndiye anayeusoma. Marehemu alimpa sharti moja tu kabla hajafumba macho: "Kila marehemu husifiwa mpaka jirani zake wakashangaa ni nani anayezikwa. Mimi nisemwe pia. Habari ya mbuzi usiifiche." Basi haitafichwa.

Alianza shule mwaka 1952 akasoma hadi darasa la nane. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, lakini kuchora hakukuwa fungu lake. Mwalimu aliwahi kumpa alama tatu kwa mia kwa picha ya ng'ombe, na chini akaandika: "Moja kwa kila mguu unaoonekana." Marehemu aliisimulia habari hiyo maisha yake yote, na kila mara alikuwa wa kwanza kucheka.

Baba yake alipoanguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, masomo yalikomea hapo. Tarehe 12 Januari 1963 aliajiriwa na kiwanda cha uchapaji, kwanza kufagia, kisha akakabidhiwa mashine kubwa ya kukatia karatasi. Aliisimamia mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 1999, akiwa na vidole vyake vyote kumi, jambo ambalo si wakata karatasi wote wa enzi zake wangeweza kujivunia. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Nyumbani hata taulo lilikunjwa kwa pembe sawasawa, na ole wake aliyelikunja ovyo.

Tarehe 22 Agosti 1970 alifunga ndoa na mpokea simu wa kiwanda hichohicho. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1975 na mwana mwaka 1979. Mama anasema alimpenda kwa sababu kila alipopiga simu kutoka chumba cha mashine alianza na "samahani kwa usumbufu," hata pale alipokuwa anaripoti moto.

Sasa habari ya mbuzi. Mwaka 1984 marehemu alirudi nyumbani na daftari nene la oda za kiwandani. Binti yake, aliyekuwa na miaka tisa, alikaa nalo mchana kutwa akachora mbuzi mdogo kwenye pembe ya kila ukurasa, mbuzi themanini na saba kwa jumla. Alimwonyesha mama yake, kisha akamngoja baba kwa hamu. Marehemu alifungua ukurasa mmoja, akafungua wa pili, akaona mali ya mwajiri imechafuliwa. Alimkalisha binti mezani, akampa ufutio na kumwamuru afute mbuzi mmoja baada ya mwingine, wageni wakiwa sebuleni. "Hapa tunatunza karatasi," alisema, "hatufugi mbuzi." Wageni walicheka. Binti alifuta wote huku machozi yakimtoka, na tangu siku hiyo hakuchora tena. Alikua akawa mpima ardhi, mtu wa mistari ya mipaka.

Miaka kumi na minne ilipita. Siku moja mwaka 1998 marehemu alikuwa anakagua rundo la karatasi zilizoharibika, kila moja ikiwa na doa la wino lililosogea kidogo kuliko la karatasi iliyotangulia. Alizipekua haraka kwa kidole gumba, na doa likakimbia. Alisimama pale mpaka msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Jioni alimwambia mkewe, "Kumbe yule mbuzi alikuwa anakimbia."

"Ulikuwa hujui?" mama aliuliza. "Mimi aliponionyesha nilicheka mpaka nikakaa chini."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Hakwenda kwa binti yake kuomba radhi. Aliogopa. Mzazi kumwangukia mtoto ni mlima, na yeye aliuzunguka badala ya kuupanda. Alichofanya, kuanzia Februari 2000, ni kuwakusanya watoto wa majirani barazani kila Jumamosi saa tatu asubuhi na kuwafundisha kutengeneza kwa mkono katuni zinazotembea ukizipekua kwa kidole gumba. Aliwakatia vijitabu kutoka mabaki ya karatasi, wakavibana kwa vibanio vya nguo na kugandisha mgongo kwa gundi ya unga wa ngano. Ili mtoto aone picha ya chini anapochora ya juu, marehemu aling'oa kioo cha dirisha la chumba cha kulia, akakilaza juu ya droo wazi yenye tochi ndani. Mvua ilinyesha wiki hiyohiyo. "Mume wangu," mama alimwambia, akifuta maji mezani, "watoto wa watu waone picha, na sisi tuoge tukila?"

Wanaoanza wote hukosea jambo moja: wanataka mtu wao afike haraka, kwa hiyo wanamrusha mbali kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Marehemu alipita nyuma yao akisema, "Ukucha! Msogeze upana wa ukucha mmoja tu!" Jina likamganda. Ufutio aliupiga marufuku kabisa. Picha iliyoharibika ilipewa namba na kuwekwa mahali pake, na watoto walidhani ni ubahili wake tu.

Binti alipokuja likizo na kuona baba anavyowapigia watoto makofi barazani, roho ilimuuma. Alimwambia mdogo wake wa kiume, "Hawa wamepata baba. Mimi nilipata msimamizi wa zamu." Alipunguza safari za nyumbani, akawa anapiga simu sikukuu kwa sikukuu.

Mnamo Novemba 2022 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, na madaktari wakagundua kwamba moyo umechoka. Binti alikuja kumuuguza. Jumamosi ya tarehe 11 Machi 2023, watoto wakiwa barazani na kitanda kimesogezwa mlangoni, marehemu alimuuliza ghafla, "Mama, yule mbuzi wako alikuwa anakimbilia wapi?"

Binti alimnyooshea shuka kwanza. "Hakuwa amefika, baba. Ulinikatiza."

"Nilikukosea, mwanangu. Nilikuaibisha mbele ya watu, na nilipojua kosa langu nikakuonea haya. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini umenichelewesha sana."

"Najua," alisema, akamsogezea penseli. Binti alikaa kwenye benchi na watoto. Mbuzi wake wa pili alitoka vibaya, na msichana wa miaka minane akamwonya, "Shangazi, unamrusha! Ukucha mmoja!" Marehemu alicheka mpaka akakohoa, ikabidi apewe maji.

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane. Familia inawashukuru wauguzi, majirani, na wazazi waliomkabidhi watoto wao.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, na wanafunzi mia moja arobaini na watatu kwa mujibu wa daftari lake la mahudhurio. Daftari hilo lilionekana juzi, tulipokuwa tunamtafutia nguo za kuzikwa. Mwanafunzi wa kwanza katika orodha, tangu Jumamosi ya kwanza kabisa, ni binti yake. Mbele ya jina lake, kila Jumamosi kwa miaka ishirini na mitatu, marehemu aliandika kwa mwandiko wake mzuri: hayupo, hayupo, hayupo. Tarehe 11 Machi mwaka huu ameandika: yupo. Na hivyohivyo kila Jumamosi hadi ya mwisho.

Nipo, baba. Pumzika sasa kwa amani.