Kafedha Nyale na Njia ya Nyumba za Nyuma

Ndugu waombolezaji, mimi ni Lewa, mdogo wake marehemu, nitasoma niliyoyaandika mwenyewe, mtanivumilia panapokwaruza, dada yangu hakupenda maneno ya kupakwa mafuta.

Kafedha Nyale alizaliwa tarehe 12 Aprili 1957 kule Kaloleni, akasoma hadi darasa la nne, akatolewa shuleni mwaka 1968 ili sisi wavulana tusome, na wengine wetu wala hatukusoma. Mwaka 1976 aliolewa na marehemu Mweri Ruwa, kuli wa bandarini, wakajaliwa watoto wawili, Morgan na Kache, na mwaka 1989 wakahamia hapa Mishomoroni wakajenga nyumba hii, yeye akiuza mahamri na mbaazi asubuhi na kupangisha vyumba vinne, na mpangaji aliyechelewesha kodi dada alimfokea mbele za watu, kisha akampelekea mtoto wa huyo mpangaji uji.

Walipojenga waliacha nusu ya njia upande wao, jirani akaacha nusu yake, ndiyo njia hii iendayo kwa rafiki yake Mwanamkasi na nyumba zote za nyuma, ambazo hazina pengine pa kutokea. Mwaka 2023 kiwanja cha jirani kiliuzwa, mnunuzi akataka kujenga nyumba za ghorofa zilizoshikana kuta, safu nzima hadi mpakani, na dada yangu hakupinga nyumba, watu ni wengi na pa kulala ni haba, alipinga njia kuzibwa, akazifuata ofisi za kaunti na goti lake bovu, njoo kesho, njoo Jumatatu, mpaka siku ya kikao afisa alipomsomea kanuni, ukuta urudi nyuma mita kadhaa, naye akamwambia, mita ni zako baba, sisi twapima kwa jeneza na wabebaji pande zote mbili. Watu walicheka, lakini Mei mwaka huu ukuta ule ulirudishwa, mwauona.

Kilichomchosha hakikutoka kaunti. Mwezi Juni Morgan alileta ramani ya vyumba vya kupangisha, navyo hadi mpakani, juu ya nusu yetu ya njia, akasema, mama, wenzetu wanajenga, sisi twafuga upepo? Akamjibu, huo ndio upepo wa kutolea maiti, mwanangu, na tangu hapo wakawa hawasemezani ila salamu, nami nayasema haya Morgan akiwa ameketi hapa mbele, kwa kuwa sijui kumsema mtu kwa nyuma.

Agosti figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara mbili, akafariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 3 Novemba 2025, Kache akiwa kando yake. Twawashukuru madaktari na wauguzi, wanawake wa kanisa, wauza mahamri wenzake, majirani nyote, na Mwanamkasi aliyemletea uji kila siku akimwambia, kunywa wewe, usiniletee kiburi chako cha Kaloleni, wallahi siondoki.

Sasa twamtoa kwa njia hii. Gari liko barabarani, wabebaji ni sita, watatu kila upande, na Morgan nimemweka mbele, upande ule anaotaka kujenga. Mwanangu, sikudai jibu leo, nimechoka, nawe umechoka, pita tu na mama yako, bega lako lipime.

Pumzika, dada Kafedha, njia ingali wazi.