Tuchomelee au Tuuze?

Mshonaji: Haloo? Nani mwenzangu?

Dereva: Ni mimi.

Mshonaji: Mimi nani? Hii namba siijui.

Dereva: Ya fundi bodi. Ningepiga kwa yangu ungepokea?

Mshonaji: Kumbe wewe, wifi. Habari za huko?

Dereva: Nzuri. Za hapo?

Mshonaji: Nzuri.

Dereva: Zima basi hiyo cherehani, sikusikii.

Mshonaji: Nina sare thelathini za kwaya hapa. Sema shida yako.

Dereva: Si yangu, yetu. Kaka kasema gari tuamue mimi na wewe, yeye hataki kesi. Fundi kalikagua. Injini nzima. Ila kutu, wifi... imekula ubavu wa kushoto, sakafu, mpaka—

Mshonaji: Uza.

Dereva: Sijamaliza!

Mshonaji: Chuma chakavu hicho. Mwezi mzima lililala uani kwangu, hata nguo nikakosa pa kuanika, mpaka fundi alipolichukua majuzi. Uza.

Dereva: Nikiuza nitaendesha nini? Ungo?

Mshonaji: Hilo umelisema wewe.

Dereva: Wifi, miaka tisa nabeba viti vya harusi za watu na gari hili. Bila hilo mimi sina kazi. Bati jipya tu, siku tatu—

Mshonaji: Na mayai yangu yatarudi lini?

Dereva: Yaleyale! Mimi sikuyagusa mayai yako. Wiki tatu sipo hapo. Ulipomaliza kunifukuza, yalionekana?

Mshonaji: ...Usinibadilishie mada. Sasa hata kuku mwenyewe hayupo, leo siku ya nne. Ulimrudia?

Dereva: Haya, nimeiba na kuku! Mwaka huu nitaiba ng'ombe. Mtu nalala kwenye kochi la shoga yangu, miguu nje, kwa ajili ya— (mtandao unakwaruza) —fundi, usigonge kwanza, tunaongea... We fundi! Nini kimekudonoa?

Mshonaji: Kuna nini huko?

Dereva: Kaingiza mkono kwenye tundu la kutu, nyuma ya tairi. Anavuja damu. Ngoja nimulike...

Mshonaji: Nyoka? Haloo? Nyoka?

Dereva: Wifi. Kuku wako mwekundu, si ana kidole kimekatika?

Mshonaji: ...Cha mguu wa kushoto.

Dereva: Yumo humu. Kanitolea macho kama mama mwenye nyumba. Ameatamia.

Mshonaji: Ameatamia nini?

Dereva: We unadhani nini?

Mshonaji: ...Mangapi?

Dereva: Hataki kunyanyuka. Ninayoyaona kumi na moja. Niliyoiba mimi yalikuwa mangapi vile?

Mshonaji: (cherehani inanyamaza) Mtandao mbaya.

Dereva: Kwangu safi kabisa.

Mshonaji: Mwambie fundi aweke nyundo chini! Asiwashe moto! Na msimhamishe, atayasusa.

Dereva: Si ulisema tuuze?

Mshonaji: Nani, mimi? Niuze gari lina mzazi ndani? Tunachomelea! Ubavu, sakafu, mpaka rangi. Akishaangua. Fundi atakuja kulichomelea hapahapa uani. Lilete sasa hivi, na ukwepe mashimo.

Dereva: Nalileta. Naliacha, narudi kwenye kochi langu.

Mshonaji: Wifi...

Dereva: Naam.

Mshonaji: Yale maneno yangu... (mtandao unakwaruza)

Dereva: Sikusikia.

Mshonaji: Nimesema nilikosa.

Dereva: Unakatikakatika. Panda juu ya kiti.

Mshonaji: NILIKUSINGIZIA! NISAMEHE! Wateja wote wamesikia, umeridhika?

Dereva: Nimesikia. Haya, naka—

Mshonaji: Usinikatie, wifi. Mpaka leo napika cha watu watatu, mkono umegoma kupunguza. Chako anakula kaka yako. Suruali nimemtanulia mara mbili. Haloo? Upo?

Dereva: Nipo. Moshi tu wa hii gereji, macho yanawasha.

Mshonaji: Moshi gani? Si nimesema asiwashe moto?

Dereva: Wifi, salio la watu linaisha! Mwambie kaka asiguse sahani yangu, naja— fundi, mlango taratibu, kuna mzazi hu—