Jina la Nane kwenye Orodha ya Karani Apolinari

Baba Padri, wazee wa kigango, ndugu, wakwe, majirani na nyote mliokaa nasi matanga siku mbili hizi, familia imemtuma Revelian, mdogo wake marehemu, awasomee maisha ya kaka yake, naye amechoka kama mlivyochoka ninyi, lakini mjane ameagiza yasomwe yote bila kurukwa mstari, kwa hiyo tunaomba mtuvumilie.

Marehemu Apolinari Gozbert alizaliwa tarehe 15 Agosti 1906 huko Kamachumu, Bukoba, akiwa mtoto wa tatu katika nyumba ya watoto saba, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1916 hadi 1923, na kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri mapadri walimpa kazi ya kunakili vitabu vya ubatizo, na hapo ndipo alipopata tabia ambayo hakuiacha tena, ya kuweka nakala ya kila alichokiandika, hata barua ya salamu.

Mwaka 1927 alishuka Dar es Salaam, akaajiriwa ukarani katika bohari la mkonge, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na tisa bila kuchelewa hata siku moja, jambo ambalo wenzake wa bohari wanalikumbuka bila furaha kubwa. Tarehe 6 Februari 1932 alifunga ndoa na Demetria, wakajaliwa watoto watatu, Gaudens mwaka 1933, Jovina mwaka 1934 na Didas mwaka 1937, na katika hao Jovina alituacha kwa homa tarehe 9 Juni 1938, akiwa na miaka minne. Siku ya kumzika mtoto yule marehemu hakudondosha chozi, tukamsifu kuwa ni mwanamume kweli, kesho yake akaenda kazini, na Demetria akabaki analia peke yake jikoni, akilaumu moshi kila mtu alipoingia.

Mwaka 1946 walihamia hapa Kinondoni, wakajenga nyumba hii mnayoiona, na mwaka uliofuata marehemu akachaguliwa kuwa mzee wa kigango, akawa mkali, tusimpake mafuta kwa kuwa amelala, mtu wa kuhesabu nani kachelewa misa na nani kasinzia. Ndiyo maana Kwaresima ya mwaka 1948, wazee waliposikia kwamba waumini wanafunga asubuhi, na mchana wanakwenda mjini kutazama sinema za Kihindi, walimtuma yeye akae ndani ya sinema kila Jumamosi, awaandike majina. Jumamosi ya tarehe 14 Februari aliandika majina manne, tarehe 21 akaandika matatu, na tarehe 28 hakuandika kitu, kwa sababu siku hiyo ilionyeshwa picha ya mama aliyepotelewa na binti yake sokoni, akawa anamtafuta miaka mingi kwa kuimba wimbo aliokuwa akimbembelezea, na mtoto alipoitikia ule wimbo, karani wetu alijikuta analia kwa sauti katikati ya watu asiowajua, peni mkononi.

Orodha ya watu saba aliipeleka kama alivyotumwa, ikasomwa kanisani, wote saba wakazuiliwa komunyo ya Pasaka, na ndoa ya Yuliana fundi cherehani, aliyekuwa wa tano, ikasogezwa hadi Agosti. Tangu hapo hakuna muumini aliyethubutu kutia mguu kwenye sinema ile, kila mmoja akiamini karani bado yumo anaandika, na kweli alikuwamo, ila alikuwa anatazama. Alikwenda kila Jumamosi saa tisa, kwa baiskeli, karibu miaka tisa, na si kila picha aliitaka, za mapanga na za farasi alizidharau, alizitaka zile tu za mama na mtoto wanaopoteana, na jirani yetu mzee Mfaume, aliyekuwa akichana tiketi mlangoni, ndiye aliyemwambia ipi ya kulia na ipi si ya kulia, akamwekea na kiti nyuma kabisa.

Nyumbani alisema anakwenda Temeke kumtazama mgonjwa wa kwao. Mwaka 1951 Demetria alipata habari kwamba mgonjwa huyo alikwisha kurudi Bukoba zamani, na kwa kuwa mume alikuwa akirudi macho mekundu, anaimba kwa sauti ya chini nyimbo asizozijua mtu, aliona maji yamezidi unga, akayafikisha kwa wazee, na Jumapili ya tarehe 18 Novemba marehemu aliulizwa mbele ya baraza ni mwanamke gani huyo. Yuliana alikuwa amekaa benchi la mbele, mwanawe mapajani, na marehemu alimtazama, akakubali kuzuiliwa sakramenti kwa ajili ya mwanamke asiyekuwepo, kwa sababu aliona aibu ya kuitwa mzinzi ni nyepesi kuliko kusimama mbele ya wale saba na kutaja sinema. Revelian alijua, kwani aliwahi kumwona kwa macho yake akitoka mle na leso, naye alinyamaza, na kwa hilo anamwomba shemeji yake msamaha hapa mbele yenu. Demetria amekaa miaka mitano na ushei akipewa pole za mume malaya, pole ambazo hakuwa na pa kuziweka.

Marehemu alianza kuumwa tumbo mwezi Oktoba 1956, akalazwa hospitali mjini tarehe 3 Desemba, na katikati ya Januari mzee Mfaume alikwenda kumjulia hali, na kwa nia njema kabisa akamwambia mgonjwa, mkewe akiwa pembeni anamenya chungwa, kwamba Jumamosi imekuja mpya, ya mama na mtoto, na kiti chake kiko wazi. Hapo ikabidi mgonjwa aseme yote. Demetria alimaliza kumenya chungwa lile, kisha akasema kwamba kama ni mwanamke, angekwisha kumsamehe mumewe siku nyingi, lakini kwenda kumlilia Jovina kwa watu baki, na mama yake Jovina yupo nyumbani analia na moshi, hilo hajui atalisamehe vipi, na kwa siku nne alipeleka uji bila kusema neno.

Siku ya tano, Jumamosi ya tarehe 19 Januari, alijifunga khanga, akafuatana na Hamisa, mke wa Mfaume, wakaingia sinema, hakuelewa neno lolote, akalia mwanzo hadi mwisho, na kesho yake akaanza kumsimulia mumewe picha ile, kipande leo, kipande kesho, naye akimkatiza kuuliza mama alivaa nini na mtoto aliitikiaje, hata walipofika mwisho walilia wote wawili, muuguzi akaja mbio akidhani mgonjwa amekata roho. Padri alimwungamisha, akampa mpako wa wagonjwa, akapokea komunyo, na Jumanne ya tarehe 12 Machi 1957, saa nne asubuhi, alifariki, mkewe amemshika mkono.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, wenzake wa bohari waliotoa lori, majirani wa Kinondoni, Waislamu na Wakristo, mzee Mfaume na bibi Hamisa, na dada yetu Yuliana, aliyeshona sanda usiku kucha na kukataa malipo.

Mwisho, katika misale, kitabu cha misa cha marehemu, imekutwa nakala ya ile orodha ya mwaka 1948, na mjane ameagiza isomwe. Majina saba ya kwanza mlikwisha kuyasikia, na marehemu amewaomba radhi wenye majina hayo. La nane, kwa wino uleule, ni Apolinari Gozbert, tarehe 28 Februari 1948. La tisa, kwa penseli, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, ni Demetria, tarehe 19 Januari 1957. Karatasi tunawakabidhi wazee wa kigango leo hii, nakala tumebaki nayo.

Kaka, umelia vya kutosha, na mama Jovina amesikia. Sasa pumzika kwa amani.